Rimoti Yenye Utepe Mwekundu

Ukitaka kumpata mtu huyu usiulizie jina alilopewa na wazazi wake, utazungushwa mtaa mzima bure. Uliza Rimoti. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole: pale, kwenye kibanda cha bati kinachopakana na duka la dawa, palipojaa televisheni zilizofumuliwa migongo. Siku za kazi alikuwa fundi wa televisheni na redio. Jumamosi alivaa suti ya kijivu, akakaza tai, akawa mshereheshaji wa harusi, na jina lake lilitokea huko.

Kwa ufundi alikuwa wa kawaida tu. Televisheni yako angekurudishia, lakini baada ya ahadi za kesho na kesho kutwa mpaka umchoke. Kwenye maiki, hapo sasa hakuwa na mpinzani. Angeweza kuuamsha ukumbi uliosinzia kwa shibe, akawafanya watu wazima wanaoheshimika washike mbavu na kufuta machozi kwa leso za mezani. Harusi nyingine zilisogezwa mbele kwa sababu siku ile Rimoti alikuwa ameshachukuliwa kwingine.

Kilichomtambulisha kilikuwa kitu kimoja. Keki ikishakatwa, alimwita bwana harusi mbele, akampigisha goti moja, kisha akatoa mfukoni mwa koti rimoti nzee ya televisheni iliyofungwa utepe mwekundu. Zilikuwa rimoti zilizokufa, za wateja wake wa kibandani. Alizihifadhi nyumbani kwenye katoni chini ya kitanda, na utepe alizifunga mwenyewe.

"Bwana harusi," angesema, "leo umechukua televisheni mpya, hata nailoni haijatoka."

Ukumbi, kicheko.

"Rimoti yake hii hapa. Kitufe hiki cha kupunguza sauti, hiki utakitumia mpaka kifutike maandishi. Hiki cha kubadilisha stesheni, bonyeza akianza habari za mama yake." Kicheko. Hapo alinyamaza kidogo, akakohoa kikohozi chake kifupi ambacho watu wote walikijua. "Lakini ndugu yangu, kuna siku utabonyeza, utabonyeza, itagoma. Rimoti ikigoma, tunafanyaje?"

Na ukumbi mzima, wajomba, shangazi, mabibi wasio na meno, watoto waliobebwa mgongoni, wote kwa pamoja, huku viganja vikitua mezani: "Gonga!"

Na usijifanye mwema wewe unayesikiliza. Ungekuwepo ungegonga meza kama wengine.

Rimoti mwenyewe hakuona ubaya wowote. Alikuwa na fahari moja ambayo aliitaja mara kwa mara, hata pasipoulizwa: tangu aoe, hajawahi kumnyanyulia mke wake mkono. Ni kweli, hakuwahi. Basi alijiona ana haki ya kuutania mkono ambao yeye hautumii.

Alikuwa na binti mmoja tu. Siku binti huyo alipoolewa na fundi vigae, kijana mtanashati, mpole wa kusalimia, Rimoti alikataa kabisa mshereheshaji mwingine asikanyage pale. Alipekua katoni yote akatafuta rimoti iliyokuwa na vitufe vyote, akaisugua kwa spiriti mpaka ikang'aa, akaifunga utepe mpana. Watu walisema siku ile alijipita mwenyewe. Aliposema "televisheni hii nimeiunda mimi, ina waranti ya maisha," hata binti yake pale meza kuu alijifunika uso kwa kucheka.

Hayo yalikuwa ya wakati ule. Sasa njoo alasiri moja, siku ya kazi, Rimoti amefunga kibanda mapema kwa sababu umeme umekatika. Anaingia nyumbani kwa mlango wa uani, anapiga mluzi, anataka chai. Mluzi ukamfia mdomoni.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni, mama yake amemwinamia na kitambaa cha maji baridi. Jicho la kushoto lilikuwa limefura na kufunga kabisa. Mdomo ulikuwa umepasuka pembeni. Chini, karibu na miguu yake, kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye nguo mbili tatu, za mtu aliyeondoka bila kuchagua.

"Nani?" aliuliza, ingawa alijua.

Mama mtu aliendelea kukandamiza kitambaa.

Rimoti akapandwa na hasira. Alipiga teke ndoo, akaanza kutafuta viatu vyake vya kufunga, maana mtu haendi kupigana na ndala. "Leo atanitambua! Kijana nimemkaribisha kwangu, nimemlisha, leo anamvunja mwanangu uso! Nitamkunja kama waya!"

"Utampiga na nini, baba?" binti akauliza. Sauti yake haikupanda. "Na hii?"

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki akatoa rimoti. Utepe ulikuwa umepauka ukawa rangi ya nyama iliyochemshwa. Pembe moja ya rimoti ilikuwa imevunjika, imezungushiwa selotepu.

Rimoti aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa mkono wake mwenyewe umekatwa.

"Anaiweka juu ya tivii," binti alisema. "Mwanzoni ilikuwa utani. Nikiongea sana ananinyooshea, anabonyeza, tunacheka wote. Nilicheka, baba, kwa sababu ni kichekesho chako, nilikiona kama kitu cha kwetu. Halafu ikawa nisipocheka ananuna. Halafu ikawa nikijibu tu, anaifuata." Alimeza mate. "Anaiga sauti yako. Anaiweza sana. Anakohoa kwanza, hivi, kama wewe. Anasema, rimoti ikigoma tunafanyaje? Na mimi najua kinachofuata."

Mama yake aliacha kukanda.

"Nikisikia kile kikohozi," binti akaendelea, "nafunika kichwa. Juzi simu yako ilipoingia ukakohoa kabla hujasema haloo, nikajikuta nimeinama pale jikoni kwangu, peke yangu, mikono kichwani. Ni wewe umepiga kunisalimia."

Rimoti aliketi sakafuni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alitaka kukohoa, akajizuia, akahisi macho yanamtoka. Aibu haikumjia kidogo kidogo. Ilimvaa yote mara moja, kuanzia masikioni.

"Mwanangu, ule ulikuwa mzaha," alisema hatimaye. "Mimi mama yako sijawahi..."

"Tunajua hujawahi," mke wake alimkatiza. "Umetuambia vya kutosha."

Akainuka, akakamua kitambaa kwenye beseni, na alipozungumza hakumtazama. "Kila ulipofika pale pa rimoti, mimi nilikuwa natoka nje. Hukuwahi kuona?"

Alijaribu kukumbuka. Kumbi zote zile, harusi zote zile alizokwenda naye, na kwenye kila moja kiti cha mke wake kikiwa kitupu keki ikishakatwa. Siku zote alidhani ameenda kuangalia chakula.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka wa kwanza kabisa, nilikuambia hapa hapa jikoni kwamba kile kitu sikipendi. Wiki iliyofuata ukakiingiza kwenye maiki. Ukasema, mke wangu kichekesho hiki hakipendi, msameheni, betri zimeisha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaona nisikuongezee vingine."

Na kweli, alikikumbuka. Kilikuwa kizuri, alikitumia msimu mzima.

Alimtambalia binti yake pale kwenye stuli, mzee mzima, akamshika magoti. "Nisamehe, mama. Nisamehe. Hurudi kule. Atakayekuja kukuchukua atapita juu yangu."

Binti alimwangalia kwa lile jicho moja. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Alikuwa na uchovu wa mtu mzima kuliko yeye.

"Baba, ulinikabidhi mbele ya ukumbi mzima. Radhi unaniomba jikoni?"

"Unataka nifanye nini?"

"Jumamosi una harusi?"

"Ninayo."

"Basi kaseme huko." Akanyanyua mfuko wake. "Mimi nakwenda kwa shangazi. Hapa silali, baba, kuna katoni nzima ya vile vitu. Ukishasema, njoo uniambie. Usiposema, salamu zako zipitie kwa mama."

Akaiacha rimoti juu ya jiko la mkaa lililozimwa, akaondoka na mama yake akimshika kiwiko.

Kesho yake mkwe alikuja. Alikuja kwa adabu zote, shati limepigwa pasi, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye ukingo wa kochi kama mgeni wa heshima. "Shikamoo baba." Rimoti alishindwa kuitikia. Kijana hakujali. Akaanza kueleza kwamba ndani ya nyumba hakukosi maneno, kwamba mwenzake ana mdomo, kwamba yeye amekuja kuyamaliza kiutu uzima.

"Hutamwona," Rimoti alisema. "Toka nje kabla sijakutoa."

Mkwe akatabasamu, tabasamu la mtu anayedhani anajua mwisho wa hadithi. "Baba, na wewe tena? Wewe ndiye mwalimu wetu. Ulinipa mkononi mwenyewe, watu wote wanaona. Au ule ulikuwa uongo?"

Rimoti, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu mbele ya watu, alifungua mlango tu, akasimama kando yake mpaka kijana alipovaa viatu na kwenda zake. Kisha akarudi kuketi mahali pale pale kwenye ukingo wa kochi. Yule kijana alistahili polisi, na polisi walikwenda, binti na shangazi yake walihakikisha. Lakini swali lake lilibaki sebuleni kama harufu.

Dijei wake, rafiki yake wa miaka yote, alikwenda kibandani kumwonya alipousikia mpango wake wa kusema ukumbini. "Usijitie kitanzi, kaka. Watu wanaenda harusini kufurahi. Mwanaume anayepiga anapiga tu, hata hajakusikia. Wewe ni mchekeshaji, siyo hakimu. Kikate kichekesho kimyakimya, nani atajua?"

Neno lilikuwa tamu. Rimoti alilitafuna karibu asubuhi nzima, akiwa ameinamia televisheni ya mteja iliyofunguliwa. Kukikata kimyakimya. Angebaki na jina, angebaki na suti. Kisha akaja mama mmoja kuchukua redio yake, akalipia, akaiwasha, ikakoroma. Bila kufikiri yule mama akaipiga kofi ubavuni, ikasema vizuri, akacheka: "Si ndiyo ulivyotufundisha, Rimoti!" Fundi aliinamisha uso kwenye nyaya zake mpaka mama yule alipoondoka.

Jumamosi, mchana, ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, feni zinapepea puto, sufuria zinagongana kule nyuma. Rimoti aliendesha shughuli kwa mkono mzito lakini kwa uzoefu. Aliwakaribisha wazazi, akapanga zawadi, akaita keki. Keki ikakatwa. Mke wake alikuwa amekaa karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza hakuinuka.

"Rimoti! Rimoti! Rimoti!" Ukumbi ulikuwa umeshaanza kuimba. Bwana harusi, kijana mwembamba mwenye jasho puani, alikuja mbele mwenyewe akapiga goti, mkono umeshanyooshwa.

Fundi akaitoa mfukoni. Watu walipoona utepe uliopauka na selotepu, walianza kucheka kabla hajasema kitu.

"Hii ni ya zamani," alisema. "Nilimpa mkwe wangu."

Kicheko.

"Imerudi."

Kicheko kikubwa zaidi. Mjomba mmoja akapaza sauti, "Waranti!" na meza yake yote ikalala kwa kicheko.

"Imerudi na binti yangu," Rimoti alisema. "Jicho moja halifunguki. Amekuwa akipigwa kwa maneno haya haya, niliyoyasema mimi, mahali kama hapa, na nyinyi mkaitikia."

Wakacheka. Mungu anisamehe kusema, walicheka kuliko siku zote. Walidhani ndiyo njia mpya ya kufika pale pale, kwamba mzee anawazungusha tu, na wengine walikuwa wameshainua viganja juu ya meza, tayari. Kadiri alivyosema "jamani, ni kweli," ndivyo walivyozidi kufurahia jinsi anavyoigiza. Machozi yalipomtoka, wakampigia makofi. Dijei wake, kwa mazoea tu, akabonyeza ile ngoma ya kuchagiza vichekesho.

Ndipo, kabla hajajizuia, akakohoa.

"Gonga!" ukumbi ukaitika, na meza zote zikalia kwa pamoja.

Alisimama pale na maiki yake. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu hawa lini wacheke, na walikuwa wanafunzi wazuri. Namna ya kuwanyamazisha hakuwa nayo. Hakuwahi kuihitaji. Alitazama huku na huko kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, na hakuona uso hata mmoja uliomsikia, ila wa mke wake pale mlangoni, na mwingine, hapo hapo mbele yake.

Bibi harusi hakuwa anacheka. Aliinuka, akaburuza gauni lake mpaka pale, akainamia maiki. "Baba," aliuliza, "ni kweli?"

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote. Kicheko kikapungua meza kwa meza, cha mwisho kikabaki cha yule mjomba, peke yake, kisha naye akashtuka, akaacha.

"Ni kweli, mwanangu."

Bwana harusi alikuwa bado amepiga goti. Mkono wake ulikuwa bado mbele, umefunguka, unasubiri, na tabasamu lilikuwa bado usoni kwake kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliondoe. Bibi harusi aliushika ule mkono kwa vidole viwili, akaushusha taratibu ukagusa suruali.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Baba wa bwana harusi alimpokonya maiki, akamwambia amewatia mkosi, akamwamuru atoke. Mtu mmoja alimrushia chupa tupu ya soda. Mwanamke mmoja wa makamo, mmoja wa waliokuwa wakigawa chakula, alimsindikiza mpaka mlangoni, akasimama kana kwamba ana neno, asiliseme, akarudi kwenye masufuria yake. Mke wake alimpokea koti, wakashika njia ya kwa shangazi.

Kwa shangazi walimkuta binti uani, anaanua nguo kwenye kamba. Jicho lilikuwa limeanza kufunguka, jekundu ndani. Rimoti alisimama mbali naye kidogo, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Umesema?" binti akauliza.

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

Angeweza kumwambia habari za bibi harusi. Angeweza kumwambia habari za ule mkono ulioshushwa, na zingekuwa kweli. Lakini alijua kilichoulizwa.

"Walicheka," alisema.

Binti alikunja shuka, akaliweka begani.

"Hata mimi siku ile nilicheka," alisema. Kisha, "Jumamosi ijayo una harusi?"

"Nilikuwa nayo. Wamepiga simu tukiwa njiani. Wametafuta mtu mwingine."

"Harusi hawakualiki tena. Lakini kuna misiba, kuna mikutano ya mtaa, kuna kijiwe chenu pale kibandani." Akamtupia ncha moja ya shuka lingine ili amsaidie kukunja. "Kaseme tena. Wakicheka, kaseme tena."

Rimoti akaishika ncha. Koo lilikuwa linamwasha, lakini alijizuia kukohoa mpaka shuka likakunjika.